BSA ya babu: nipeli za grisi niongeze wapi, na wapi nisiguse?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Korogwe. Babu yangu alikuwa na pikipiki aina ya BSA M20 aliyoinunua miaka ya hamsini kutoka shamba la mkonge, na tangu afariki imekaa bandani. Nimeifungua yote, nimepiga rangi, injini inawaka. Shida ni foku ya mbele. Inalia kila nikipita kwenye tuta, na nikipampu grisi, nipeli nyingine zinagoma kabisa, nyingine grisi inarudi pembeni ya mdomo wa pampu. Fundi wa hapa ananishauri tutoboe na kuongeza nipeli kila mahali panapozunguka: pedeli ya breki, stelingi, magurudumu, mpaka kamu za breki, nisije nikafungua tena. Nikubali? Na nitumie grisi gani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kwanza nakupongeza kwa kutoipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu, maana nyingi za rika lake ziliishia huko. M20 ni kazi ya kampuni ya Birmingham Small Arms (ndiyo BSA), Small Heath, Birmingham, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya 120,000. Silinda moja, ujazo wa cc 496, valvu za pembeni, foku ya vyuma yenye springi moja kubwa katikati, na nyuma hakuna shokabzoba kabisa. Vitani ilitunzwa porini na askari mwenye spana chache na pampu ya grisi. Na nipeli zake, vile vichuchu vya kupampia grisi, ziliwekwa kwa hesabu. Kabla hujaongeza mpya, tujue za zamani zimekufa kwa nini.

Nikujibu moja kwa moja: ongeza mbili, au tatu ukitaka. Kwenye magurudumu usiongeze. Kwenye kamu za breki, zile pini zinazosukuma breki shuu, usiongeze. Kwenye stelingi usiongeze. Na foku inayokulilia haihitaji nipeli mpya hata moja. Inahitaji mifereji ndani ya bushi zake, yaani vile vipete ambamo pini zake hupita.

Nipeli yenyewe ni mlango tu. Grisi ikishaingia mlangoni inahitaji njia ya kufika pale chuma kinaposugua chuma, inahitaji kuenea upana wote wa sehemu hiyo, kisha inahitaji pa kutokea ili ile chafu iliyotangulia itoke na vumbi lake. Mahali penye mambo yote matatu pananufaika na nipeli. Mahali ambapo njia ya kutokea inaelekea kwenye laini za breki, yaani bitana zinazosugua ngoma, nipeli ni hatari. Na mahali ambapo grisi itajaza uvungu mkubwa bila kufika kwenye msuguano, utapampu robo ya kopo na hakuna kitakachobadilika. Kila sehemu ambayo fundi wako ameitaja ipime hivyo, utaona mwenyewe.

Tuingie kwenye foku, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Foku yako inaning'inia kwenye vikono vifupi vinavyoshikwa na pini nne, mbili juu na mbili chini. Kila pini inazunguka kidogo tu, kwenda na kurudi, kila gurudumu linapopanda tuta. Haizunguki duara zima hata siku moja. Hilo ndilo linalofanya pini za foku ziwe ngumu kulainisha kuliko ekseli ya gurudumu. Ekseli inayozunguka inavuta grisi na kuisambaza yenyewe, lakini pini inayotikisika digrii chache inaisukuma grisi pembeni, na upande uliobeba mzigo unabaki mkavu. Ukiitoa pini ya zamani utaona imeliwa upande mmoja, na upande wa pili bado unang'aa kama ilivyotoka kiwandani.

Njia ya kawaida ya grisi katika foku za aina hii ni hivi: nipeli iko katikati ya bomba, bushi moja kila mwisho wa bomba, pini imepita katikati yake. Grisi inajaza nafasi iliyo kati ya bushi mbili, ikishajaa inasukumwa kupita kwenye bushi kuelekea nje. Zikipita miaka mingi bila kupampuliwa, ile grisi ya katikati inakauka na kuwa ngumu kama mshumaa. Pampu yako inasukuma mshumaa huo, haupiti, basi grisi mpya inatafuta upenyo rahisi, ambao ni mdomo wa pampu. Nipeli ikigoma, usidhani ni mbovu mpaka uifungue na kuijaribu mkononi. Ikitema grisi vizuri ikiwa nje, kizuizi kiko ndani zaidi.

Kwa hiyo pini zote nne zitoke. Loweka mabomba kwa mafuta ya taa usiku kucha, kisha chukua keekee nyembamba uizungushe kwa vidole, si kwa mashine, ndani ya tundu la nipeli hadi iguse uvungu wa kati. Kinachotoka huwa cheusi au kahawia chenye harufu ya udongo. Usiharakishe hatua hii. Nimeona pikipiki zilizotengenezwa kwa pesa nyingi, bushi mpya, pini mpya, na tundu la grisi limezibwa na rangi ya kupuliza. Wewe umeshapiga rangi, kwa hiyo chunguza kila tundu.

Kisha bushi. Ukibadilisha, na kwa umri wa pikipiki yako nadhani utabadilisha, mwambie fundi wa lethi akukereze kwa fosfa bronzi. Asikupe shaba nyepesi ya mabomba ya maji hata kama rangi inafanana, maana inaliwa haraka. Ziko pia bushi za madukani za bronzi ya unga iliyoshindiliwa, zenye vitundu visivyoonekana vilivyonyonya oili. Hizo ni nzuri mahali pake, ila ni za oili. Grisi inaziba vile vitundu na kuua faida yake, na ukizikereza ndani kwa kisu butu unavifunga vitundu vilevile. Kwenye foku yako sizishauri.

Bushi ikishaingia kwenye bomba hujibana kidogo, kwa hiyo tundu lake la ndani lisafishwe kwa rima, chombo cha kusawazisha tundu, bushi ikiwa tayari imekaa mahali pake. Iachie pini nafasi ya karibu 0.05 mm. Ukiibana zaidi ya hapo grisi haina pa kupita. Ukiilegeza sana utasikia foku ikigonga badala ya kulia, na usukani utatangatanga.

Sasa mifereji, ambayo kwangu ndiyo marekebisho yenye thamani kuliko yote utakayoifanyia pikipiki hiyo. Ndani ya kila bushi kata mfereji mmoja wa upana wa 1.5 mm hivi na kina kisichozidi 0.8 mm. Uanzie upande wa ndani, unaotazama uvungu wenye grisi, uende kuelekea nje, lakini uishie kama 3 mm kabla ya ukingo wa nje. Mfereji ukitoboka mpaka nje, grisi yote itakimbilia huko bila kulainisha kitu, na vumbi litaingia kwa njia hiyohiyo. Ukiishia kabla ya ukingo, grisi inalazimika kuenea kuzunguka pini kisha kujipenyeza taratibu nje, na ule ukingo mdogo wa grisi unaobaki mdomoni unakuwa kizuizi cha vumbi.

Usiuweke mfereji upande unaobeba mzigo. Tazama pini na bushi za zamani: palipoliwa ndipo penye mzigo, kwa hiyo mfereji upakwepe hapo. Ukiuweka mfereji pale panapobeba uzito, umepunguza eneo la kubeba na kingo zake zitakwangua grisi. Mafundi wengi wazuri wa lethi hawaulizi swali hili kwa sababu hawajui bushi itakaa upande gani kwenye foku. Weka alama ya kalamu kwenye kila bushi kabla hujampelekea, na uisimamie mwenyewe inapogongwa ndani.

Pembeni mwa vikono kuna washa, vile vyuma bapa vyenye tundu. Ukifunga nati, washa hizo zisibanwe kama za injini. Foku ikipanda na kushuka kwa mkono bila springi, isikwame popote na isitikisike kushoto kulia. Marekebisho yake ni kulegeza nati, kuizungusha pini yenyewe kidogo, na kubana nati tena. Utarudia mara tano sita kabla hujaridhika. Foku iliyobanwa sana italia hata ukiitumbukiza kwenye pipa la grisi.

Na siku ya kupampu, inua gurudumu la mbele lisiguse chini. Pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake, pini imelalia bushi upande mmoja na grisi inapita upande wa pili tu. Ikiwa juu, mwombe mtu aitikise foku polepole wakati wewe unapampu. Endelea mpaka grisi safi ionekane pande zote mbili, kisha futa kwa kitambaa lakini acha ule ukingo mwembamba. Kwa vumbi la Korogwe ningefanya hivyo kila kilomita 500, na mara moja baada ya kupita mtoni au kuoshwa kwa maji ya pampu.

Kuhusu nipeli zenyewe, tafadhali usinunue za M6 na kuzilazimisha. Pikipiki ya Kiingereza ya umri huo ina nyuzi za Kiingereza. Nyuzi za Whitworth na BSF zina pembe ya digrii 55, za metriki digrii 60. Nipeli ya metriki inaweza kuingia mizunguko miwili ukadhani imekubali, ya tatu inakata nyuzi za bomba ambalo hutalipata dukani. Azima kipimo cha nyuzi, upime, ndipo uagize. Nyuzi zikiwa zimeshakufa, ni halali kupanua tundu na kukata nyuzi mpya za metriki, ila zifanye zote zifanane ili usiwe na spana tatu kwa kazi moja.

Nije kwenye magurudumu, na hapa niseme kwa uzito. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na pikipiki ya Kiingereza yenye nipeli kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na nilikuwa na pampu mpya. Nilipampu mpaka nikahisi ugumu, nikaona nimefanya kazi njema. Pampu ya mkono inaweza kutoa mgandamizo wa zaidi ya bar 300, na sili ya feli (kitambaa kizito cha sufu) ya pikipiki ya zamani haina uwezo wa kuzuia hata sehemu ndogo ya huo. Siku mbili baadaye nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kwenye kona za mwanzo habu ikapata joto, grisi ikalainika, ikaingia kwenye ngoma, na breki ya mbele ikawa haipo. Nilishuka kwa gia ya kwanza na breki ya nyuma, huku upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Tangu siku hiyo habu nazifungua, nasafisha beringi, najaza grisi kwa kidole kati ya mipira au roli zake, naacha uvungu wa habu wazi zaidi ya nusu, naweka sili mpya. Kazi hiyo mara moja kwa miaka miwili inatosha. Kama habu yako ina nipeli ya kiwandani, iache kwa uzuri wake, lakini usiipampu.

Kamu za breki ni hadithi ileile kwa kipimo kidogo. Kamu inapita kwenye tundu lake na mwisho wake uko ndani ya ngoma, karibu na breki shuu. Grisi ya ziada haina pa kwenda ila huko. Itoe kamu, ing'arishe kwa msasa mwembamba, pakaa grisi ya kuhimili joto kwa unene wa karatasi, rudisha. Ukitaka kuboresha, kata kijifereji upande wa nje na uweke oringi ndogo kuzuia maji. Hapo umefanya zaidi ya kiwanda.

Stelingi inashawishi, kwa sababu kuna bomba refu linaloonekana kama lilizaliwa kwa ajili ya nipeli. Lakini mipira ya chuma ya beringi iko juu kabisa na chini kabisa, na kati yake ni uvungu. Utaujaza grisi bila faida. Ifungue, ihesabu mipira ya juu na ya chini kabla haijatawanyika sakafuni, badilisha yote kwa seti moja, isichanganywe mipya na ya zamani. Ukizungusha usukani ukahisi unadondokea kwenye kijishimo pale katikati, vikombe inamokaa mipira vimeshaliwa, na hakuna grisi ya kutibu hilo. Vibadilishe.

Pa kuongeza ni wapi basi? Pedeli ya breki, bila shaka. Hapo fundi wako yuko sahihi. Iko chini, inapigwa matope, inazunguka kwenye pini yake, na grisi ikitoka inadondoka ardhini bila kudhuru kitu. Kama haina nipeli, toboa 5 mm, kata nyuzi za M6 yenye hatua ya 1 mm, kwenye ubavu wa bomba ambako hapana mzigo mkubwa wala mshono wa kuchomelea. Pini iwe imetolewa wakati wa kutoboa. Ukimaliza, kwangua makali ya tundu kwa ndani, osha kwa mafuta ya taa mara mbili, pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Chembe moja ya chuma iliyobaki humo itafanya kazi ya tupa. Kisha kata kijifereji kuzunguka pini, usawa wa tundu la nipeli, ili grisi iizunguke. Mahali pa pili ni egemeo la stendi, kwa sababu zilezile. La tatu ni egemeo la mbele la siti, kama linalia. Jifanyie uamuzi.

Kebo za breki na klachi wape oili nyepesi kwa sindano ya hospitali, kebo ikiwa imening'inizwa, mpaka oili itokee chini. Cheni pia oili. Grisi juu ya cheni inakusanya vumbi na kuwa msasa.

Umesema injini inawaka, nami nisingekuacha bila kusema neno juu yake, kwani ndiyo sehemu ya kulainishwa iliyo ghali kuliko zote. M20 inatunza oili kwenye tangi lake la pembeni, si chini ya injini. Pampu ya gia inaipeleka kwenye krenki na nyingine inairudisha. Katika njia hiyo kuna vimpira vya chuma vinavyofanya kazi ya valvu. Kimoja kikichakaa au kikishikwa na uchafu, oili inateremka yenyewe pikipiki ikiwa imesimama, na siku unayowasha inatoa moshi na kutapika oili. Kikigoma kile cha njia ya kurudi, injini inajaa oili na tangi linakauka. Ukifungua kifuniko cha chini ya injini, ingiza waya laini kwenye bomba la kuvutia oili, uhisi kijimpira kinainuka na kushuka. Kisha washa, fungua kifuniko cha tangi, utazame oili ikirudi. Isiporudi ndani ya dakika moja hivi, zima.

Boresho moja ninalolikubali kwa moyo wote upande wa injini ni filta ya karatasi kwenye njia ya kurudi. Nasisitiza, ya kurudi. Ukiiweka kwenye njia ya kwenda, siku ikiziba krenki inabaki na njaa. Wengine wanaweka koki kwenye njia ya kwenda ili kuzuia ule mteremko wa oili. Siipendi, maana siku moja utasahau kuifungua. Oili iwe yenye namba moja tu ya uzito, 40 au 50 kwa joto lenu. Na kama krenki haijafunguliwa tangu enzi za babu, epuka oili za kisasa zenye sabuni nyingi mpaka uisafishe, kwa kuwa zitang'oa tope la miaka sabini na kulipeleka kwenye roli za koneti, mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Magneto, kifaa kinachozalisha cheche, usiipampu grisi wala kuimwagia oili. Ikiwa ina kipande cha feli pale kwenye platini, tone moja la oili nyepesi linatosha kwa muda mrefu. Platini zikiloa, cheche zinapotea.

Grisi: ya lithiamu, namba 2, inapatikana kila duka la vipuri. Kwenye pini za foku unaweza kutumia yenye molibdenamu, inasaidia pale panapotikisika bila kuzunguka. Usichanganye na ya udongo, yaani bentonaiti, ambayo huuzwa kwa ajili ya joto kali. Grisi hizo mbili zikikutana mara nyingi zinalainika na kutiririka. Ndiyo maana nasema ya zamani yote itoke, kwa sababu huwezi kujua babu alitumia ipi.

Anza na pini ya chini ya mbele, ndiyo inayoliwa zaidi na matope. Ipime kwa kipimo cha maikromita sehemu tatu: kila mwisho inapokaa bushi, na katikati ambako haijaguswa. Tofauti ikizidi 0.1 mm, usikereze bushi kwa kufuata pini hiyo; kereza pini mpya kwanza. Niandikie vipimo vya zote nne, na unichoree nipeli zilipo, nikuambie mfereji wa kila bushi utazame wapi kabla hujaenda kwa fundi wa lethi.